Balbu Moja Yenye Doa la Buluu

Asubuhi, duka la nguo la jirani bado limefungwa, binti yangu ameinua balbu ndogo kuelekea dirishani. Amefumba jicho moja kama mtu anayekagua yai. Ndani ya kioo kuna nyuzi nyembamba zilizojikunja kama nywele za mtoto mchanga, na pembeni kuna doa dogo. Doa ni la waridi.

"Hii imekufa," anasema, anaiweka kando. Anachukua nyingine. "Na hii." Nyingine tena. "Na hii nayo. Jamani!"

Sanduku la balbu hizi limetoka kwenye ghala la studio ya picha iliyofungwa zamani. Mwenye ghala alikuwa karibu azitupe, akidhani ni taa za mapambo zilizoharibika. Namshukuru Mungu hakuzichomeka ukutani.

Imebaki balbu moja mkononi. Binti anaitazama, anaigeuza, anaitazama tena. Halafu anapiga kigelegele mpaka fundi viatu wa kibanda cha pili anachungulia.

"Vipi, umeposwa?"

"Bora zaidi, kaka. Ya buluu!"

Binti yangu watu wanamwita Fundi Mwanga. Anauza betri kwenye kibanda chenye upana wa meza moja, lakini moyo wake uko kwenye flashi za kamera za zamani: anazitafutia betri na balbu ambazo maduka yalishaacha kuziuza. Wateja wa rimoti, saa na redio ndio wanaolipa kodi ya kibanda. Wa flashi wakifika wawili kwa mwezi, mwezi huo umenona.

Kwa vijana waliozaliwa na simu mkononi, nieleze. Balbu ya flashi ya zamani iliwaka mara moja tu. Pwaa! Ikaungua, ukaitupa. Picha moja, balbu moja. Kwa hiyo huwezi kuijaribu kwanza, maana ukiijaribu umeshaitumia. Cha kukuongoza ni lile doa. Likiwa la buluu, kioo bado kizima. Likiwa la waridi, hewa imeshaingia ndani, na ukiiwasha inaweza kukupasukia usoni.

Wazazi wenzangu, hapa ndipo mnisikilize vizuri. Kama kabatini kwenu kuna kamera ya babu na vibalbu vyake, msiwape watoto wachezee. Msivijaribu kwa betri "kuona tu". Mwaka wa kwanza wa kazi hii binti yangu alipachika balbu bila kujua kwamba nyaya ndani ya kamera zimegusana. Ikamwakia vidoleni. Nilikuwa jikoni, nikasikia "Mama!", nikajua gesi imelipuka.

Nilimpaka dawa huku namgombeza. Nikamwambia hiyo kazi aiache, auze nyanya kama watu wengine.

"Mama, nyanya zinaoza," akanijibu, na vidole vyake vimevimba vile.

Tangu siku hiyo hapachiki balbu ya flashi kabla ya kujaribu nyaya kwa kibalbu cha tochi. Kikiwaka pale tu anapobonyeza, sawa. Kikiwaka chenyewe, anaanza upya na bisibisi yake.

Na betri je? Betri ya asili ya flashi hizi haipatikani tena mjini kwetu, kwa hiyo anapanga betri ndogo za mviringo, zile za saa, moja juu ya nyingine ndani ya bomba la karatasi ngumu, mpaka nguvu itoshe. Zinang'aa kama peremende. Mtoto akimeza moja inaweza kumuunguza koo ndani kwa ndani, na hapo si pa kusubiri kesho, ni kukimbia hospitali. Ndiyo maana yeye huzifungia kwenye kopo la mfuniko wa kusokota, juu kabisa, na mimi hulikagua kila ninapopita. Ananiita mkaguzi. Aniite tu.

Balbu hiyo ya buluu ilikuwa na mwenyewe. Mzee mmoja, mpiga picha mstaafu, alikuja kibandani na flashi yake imefungwa kwenye taulo. Maisha yake yote alipiga picha harusi za watu. Ya kwake ilipofika, hapakuwa na mwingine anayejua kushika kamera. Kwa hiyo picha ya harusi yao ina bibi harusi peke yake, amesimama na maua, anatabasamu na mtu ambaye haonekani.

"Jumamosi tunatimiza miaka hamsini," alisema. "Nataka nikae upande wa pili. Kwa kamera ileile, flashi ileile. Binti, utanibonyezea?"

Jumamosi sebule ya mzee imejaa. Binti anajaribu waya kwa kibalbu cha tochi, kinawaka, watu wanapiga makofi. Wajukuu wote wameshika simu. Bibi, mke wa mzee, amechoka kukaa wima.

"Si mtupige na simu tukale?"

"Simu ina haraka," mzee anajibu. "Mimi nimesubiri miaka hamsini."

"Nani alikutuma usubiri? Siku ile ungempa kamera mtu yeyote!"

"Angekukata kichwa."

"Bora kichwa changu kuliko wewe mzima!"

Binti anawarudisha watoto nyuma ya kochi. Anafuta miguu ya balbu, anaipachika, anaifunika kwa ngao yake ya plastiki. Anachungulia kwenye kidirisha cha kamera. Mimi nimefumba macho, nasali.

"Tayari? Moja, mbili..."

Pwaa! Chumba kizima kinakuwa cheupe. Shangwe, vigelegele, mtoto mmoja analia, mwingine anataka tena.

Kisha binti anaishusha kamera, anaganda. Nimemzaa, namjua. Kuna kitu.

Kifuniko cha lenzi kiko palepale.

Kamera hizo, kidirisha cha kuchungulia kiko juu ya lenzi. Unawaona watu wote vizuri kabisa, kumbe lenzi imefumba jicho. Alikagua balbu, betri, waya, watoto. Mwanga wote aliushughulikia, akasahau tu mahali unapoingilia.

"Mzee," anasema. "Nisamehe. Sikutoa kifuniko."

Wajukuu wanashusha simu zao. Halafu bibi anaangua kicheko mpaka anashika mbavu.

"Ile ya kwanza nilikuwa peke yangu. Hii ya pili hata mimi simo!"

Sebule nzima inapasuka. Mjukuu mmoja anamgeukia babu yake: "Lakini babu, wewe fundi, umekaa unatazamana na lenzi, hukuona kifuniko?"

"Nani kakuambia nilikuwa natazama lenzi? Nilikuwa namtazama huyu."

"Muongo mkubwa," bibi anasema, lakini anamnyoosha kola.

Simu zilipiga picha, zipo, nzuri tu. Ila mzee anataka yake, na binti yangu hajatulia tangu siku hiyo. Jumatatu anakwenda kupekua ghala la kiwanda cha uchapaji kilichofungwa. Akipata buluu mbili, moja ya mzee, nyingine ya akiba. Nanyi wasomaji, mkifungua kabati mkakuta vibalbu hivyo, tazameni doa tu kwa macho. Ya waridi ifungeni mbali na watoto. Ya buluu mleteeni.

Aibu bado inamsumbua. Alirudi kwa mzee kupendekeza kwamba siku ya kurudia picha ikifika atafutwe mpiga picha wa kweli, yeye alete balbu tu.

Bibi alikataa katakata. "Namtaka huyuhuyu. Wengine wote wanaweza kusahau kifuniko. Huyu, hawezi tena maisha yake yote."