Mchuzi Mwekundu wa Neni

Harufu ya kitunguu kinachoiva polepole kwenye mafuta ndiyo iliyonipokea kila nilipotoka kwenye lifti, ghorofa ya kumi na moja, katika jengo letu la Etobicoke, magharibi mwa Toronto. Haikuwa harufu ya kitunguu cha kwetu, kinachokaangwa upesi mpaka kiwe kahawia ili nyanya zifuate. Hiki kilikaa motoni muda mrefu, kikalainika, kikatoa utamu uliokaribia sukari. Kisha ikaja harufu ya pili, ya paprika, ule unga mwekundu wa pilipili tamu isiyowasha, unaonukia kama udongo mkavu uliopigwa na jua. Majira yale ya baridi, nikiwa na miaka tisa, nilijizoeza kusimama nje ya lifti na kunusa kabla sijapiga hatua. Harufu ikiwa nzuri, nilitembea. Kukiwa hakuna harufu yoyote, niliharakisha. Na palipokuwa na dalili ya kitu kuungua, nilikimbia mkoba ukinigonga mgongoni, huku nikiomba nifike kabla ya jirani yeyote kufungua mlango.

Mpishi alikuwa bibi wa Kihungari aliyeishi peke yake fleti iliyofuata yetu. Jina lake Ilona. Mama yangu, aliyezaliwa na kukulia Morogoro, alikataa katakata nimwite hivyo, kwa sababu mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Bibi mwenyewe akatutatulia: kwao, alisema, mwanamke mkubwa huitwa neni, kama vile sisi tunavyosema shangazi. Basi akawa Neni. Mama naye akamfundisha jambo moja, kwamba mimi nikiingia nitasema shikamoo na yeye ataitikia marahaba. Alilitamka “maraba”, kwa fahari, akiwa amesimama wima mlangoni na aproni yake. Mumewe alikuwa amefariki zamani, na mtoto wake wa pekee, Marta, alikuwa Calgary, mbali kwa ndege. Baba yangu naye alikuwa bado Tanzania akisubiri karatasi zake za kuja. Mama alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee, zamu ya mchana hadi saa moja jioni. Kwa hiyo nikitoka shule nilikaa kwa Neni, na mama akirudi alinichukua pamoja na bakuli la mchuzi lililofunikwa kwa sahani.

Neni alinifundisha kupika bila kusema kwamba ananifundisha. Alinipa ubao na kisu kidogo, akaniambia kitunguu kikatwe kidogo kiasi kwamba mlaji asijue kilikuwemo. Kwa ajili yetu aliacha mafuta ya nguruwe aliyoyazoea tangu utoto akatumia ya alizeti, na nyama akanunua ya ng'ombe, kwenye bucha ya halali iliyokuwa vituo vitatu vya basi kutoka kwetu. Kitunguu kikishakuwa laini na angavu kama kioo, sufuria iliondolewa kwenye moto kabisa, ikawekwa pembeni, ndipo paprika ikamwagwa. Hapo alikuwa mkali. “Paprika ina sukari ndani,” aliniambia. “Ikikaa kwenye moto mkali inaungua kabla hujapepesa jicho, halafu inakuwa chungu, na uchungu huo hautoki hata uongeze nini.” Nyama ikafuata haraka, chumvi, mbegu chache za kisibiti, maji kidogo tu, kisha kifuniko na subira. Mama alizoea kusema mwenda pole hajikwai, na niliamini kwamba methali ile ilitungwa na mtu aliyekuwa akipika chakula hiki.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalianza kujikusanya kabla ya theluji ya kwanza. Siku moja Neni alitia chumvi mara mbili. Nilicheka, naye akacheka. Wiki iliyofuata aliniita Marta, akajirekebisha. Kisha ikaja siku niliposema shikamoo naye akaniangalia kwa upole na kuniuliza hiyo ni lugha gani. Nikadhani ananitania. Lakini jioni ile aliiacha sufuria motoni akamwaga paprika humo humo, yeye ambaye alikuwa amenionya mara mia, na ikaungua, na akaendelea kukoroga kana kwamba hanusi chochote. Tulikula. Mchuzi ulikuwa mchungu kama dawa ya malaria. Yeye alimaliza sahani yake, akapangusa mdomo, akasema nyama ya wiki hii ni nzuri. Nilimtazama nikahisi baridi ambayo haikutoka dirishani.

Bakuli la mama siku ile nililimwaga chooni, nikamwambia tulikula mkate. Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na haukuwa wa kumlinda Neni peke yake. Nilikuwa nimesikia wanawake wakizungumza baada ya swala ya Ijumaa kwamba nchi hii ukimwacha mtoto peke yake nyumbani, watu wa serikali wanakuja kumchukua na kumpa familia nyingine. Hakuna aliyejua ni nani hasa aliyechukuliwa, lakini wote walijua kwamba hutokea. Nikapiga hesabu ya kitoto: Neni akionekana hawezi kunitunza, mama ataacha kazi au ataniacha peke yangu. Akiacha kazi, hakutakuwa na pesa ya kumleta baba, naye hatakuja. Akiniacha, nitachukuliwa. Tena mama aliwahudumia wazee waliopoteza kumbukumbu kila siku. Angemkagua Neni kwa dakika tano tu, angejua. Ilibidi asipate hizo dakika tano, basi kila jioni nilimngoja koridoni, bakuli mkononi.

Kwa hiyo nikaanza kupika mimi. Nilimweka Neni kwenye kiti karibu na dirisha, nikampa viazi amenye, kwa sababu mikono yake ilikuwa haijasahau viazi. Nilisimama juu ya kigoda mbele ya jiko lile la umeme, ambalo miduara yake ilibadilika kutoka nyeusi hadi nyekundu bila sauti. Swichi zilikuwa tano, nne za juu na moja ya oveni. Nilizigusa moja moja kabla ya kuondoka, kisha nikarudi kuzigusa tena. Nikiwa kitandani kwangu nilizigusa kichwani. Shuleni, mwalimu akiandika ubaoni, nilijiona nimesahau ya tatu. Nilipungua uzito, na mama akasema ni baridi.

Jambo lililonitesa zaidi ni kwamba niliweza. Mikono yangu ilishika kazi. Jioni moja mama alifunua bakuli, akaonja akiwa bado amevaa koti, akakaa chini. “Leo Neni kapika haswa,” alisema. “Yule bibi bado ana nguvu zake, Mungu amzidishie. Kesho mpelekee salamu zangu, Zaina.” Nikasema nitampelekea. Kadiri nilivyopika vizuri ndivyo nilivyozidi kumficha mgonjwa, na kila sifa ilikuwa kama kufuli jingine. Marta alipopiga simu Jumapili, Neni alisikika mchangamfu, maana Kihungari chake hakikuwa kimepungua. Mimi ndiye niliyejua kwamba akikata simu huniuliza aliyekuwa akiongea ni nani.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia mwezi wa Februari, siku ya theluji nzito, kama saa kumi jioni. Nilikuwa nimeweka kitunguu motoni. Neni alikuwa na viazi vyake. Nikaenda msalani, sikukaa hata dakika tatu. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu, viazi vimezagaa sakafuni, mlango wa nje uko wazi. Koti lake lilining'inia mahali pake na buti zake zilikuwa chini yake. Ndala za manyoya za ndani ndizo hazikuwepo. Nilitoka nikaona namba za lifti zinashuka: nane, saba, sita. Sikufikiri. Nilikimbilia ngazi nikashuka ghorofa zote na soksi.

Nilimkuta kituo cha basi mbele ya jengo, theluji imemfika kwenye vifundo vya miguu, gauni la nyumbani na aproni, nywele zikipeperuka. Watu wawili waliokuwa wakisubiri basi walikuwa wamesogea kando kidogo, kama watu wasiojua wafanye nini. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama bomba.

“Neni, turudi ndani.”

“Naenda kumchukua binti yangu shuleni,” alisema. “Nimechelewa. Wewe ni mtoto wa nani?”

“Mimi ni Zaina, Neni. Wa jirani.”

“Zaina simjui,” alisema kwa adabu, akautoa mkono wake mkononi mwangu.

Nilimvuta, akashindana nami. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Basi lilikuwa linakuja, niliziona taa zake kwenye theluji, na nikajua akipanda sitampata tena. Ndipo nikakumbuka nilichokiacha juu. Maneno yakanitoka yenyewe: “Neni, kitunguu kinaungua.”

Aligeuka hapo hapo. Uso wake ulirudi mahali pake, ule uso mkali wa jikoni. “Nani amekiacha?” aliuliza, akanishika bega akaniongoza mlangoni kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

Juu, korido ilikuwa imejaa moshi na king'ora kilikuwa kinalia. Msimamizi wa jengo, mwanamume mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa amekwisha kuingia, amezima jiko na kufungua madirisha. Sufuria ilikuwa nyeusi ndani. Ukuta juu ya jiko ulikuwa na alama ya moshi iliyopanda hadi darini. Alimtazama Neni, ndala zake zilizolowa na aproni yake, akatikisa kichwa. “Mama, umeacha jiko likiwaka,” alimwambia kwa sauti, kama watu wanavyowaongelesha wazee. “Ungetuchoma sote.” Neni alinitazama. Nadhani alijua si yeye. Au labda alikuwa ananiomba nimkumbushe kama ni yeye. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu, ni mimi, na sikuyasema. Nilisimama na soksi zangu zinazochuruzika maji nikaangalia sakafu. “Samahani,” Neni akamwambia yule mwanamume. “Nimezeeka.”

Mama aliporudi alikuta nimemfunika Neni mablanketi yote ya nyumba. Alimtazama mara moja, akavua koti, akachemsha maji akayachanganya yawe vuguvugu, akapiga magoti na kuziweka zile nyayo nyekundu kwenye beseni. Alifanya hayo yote bila kuniuliza kitu. Kisha, bado akiwa amepiga magoti, mgongo wake kwangu, akasema kwa Kiswahili, polepole:

“Tangu lini?”

“Tangu kabla ya theluji.”

“Na hicho chakula?”

“Nilikuwa napika mimi.”

“Na leo?”

“Leo pia ni mimi. Nilikiacha mimi, mama. Si yeye.”

Aliendelea kuyamwaga maji kwa kiganja juu ya miguu ile. Nilingoja kofi. Nilipoona mabega yake yanatikisika nilielewa kwamba analia, na hilo lilinitisha kuliko kofi. “Mficha maradhi kifo humuumbua,” alisema mwishowe. “Kila siku nawaosha wazee wa watu, na huyu yuko ukuta wa pili, nala chakula chake. Chako. Ungeungua humu ndani, Zaina, ningemwambia baba yako nini?” Kesho yake alimtafuta msimamizi wa jengo, akanisimamisha mbele yake, nikasema ni mimi. Yule mwanamume alinisikiliza, akasema sawa, lakini niliona kwamba kwake haikubadilisha kitu.

Marta alifika siku nne baadaye. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, akatushukuru, na hakunilaumu. Kabla mwezi haujaisha alimchukua mama yake kwenda naye Calgary. Asubuhi ya kuondoka, Neni alinibusu mashavu yote mawili, jinsi wafanyavyo kwao, akaniita kwa jina ambalo halikuwa langu wala la Marta. Sikumrekebisha. Miaka miwili baadaye tulipata barua kwamba amefariki. Na lile nililoliogopa miezi yote ile? Mama alimpigia simu msimamizi wake wa kazi, akaeleza kwamba hana wa kumwangalia mtoto, na zamu ikabadilishwa kuwa ya asubuhi. Simu yenyewe haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Hakuna aliyekuja kunichukua. Baba alifika kiangazi kilichofuata.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Neni aliondolewa kwake kwa sababu ya kitunguu changu. Mama, ambaye sasa amestaafu, anakataa. Anasema Neni hakuondoka kwa sababu ya moshi, aliondoka kwa sababu alikuwa anapotea, na kwamba kama ningesema mapema angepata majira ya baridi ya mwisho ya amani, katikati ya watu wanaojua. Sijui kama maneno haya ni ya kunifariji au ni ya kunihukumu. Yeye huyasema kwa sauti ile ile.

Leo ninaishi Mississauga, mji wa jirani, na jiko langu hujizima lenyewe likisahauliwa. Karibu kila Jumapili napika mchuzi ule. Vitunguu hukatwa vidogo, sufuria huwekwa pembeni, paprika humwagwa nje ya moto. Binti yangu ana miaka tisa. Shule yake ina ulezi wa jioni, ana namba zangu zote, na nikichelewa kwa dakika kumi kuna mtu wa kunipigia. Hana sababu ya kuogopa nilichoogopa mimi, na hilo nalishukuru. Hata hivyo, ninapomwona amekaa mezani akimenya viazi, miguu haijafika sakafuni, ndipo ninapoona miaka tisa ni midogo kiasi gani, na jinsi mtoto anavyoweza kubeba nyumba nzima kichwani huku watu wazima wakisifu chakula. Jumapili iliyopita nilimuuliza, kwa Kiswahili, kama kuna jambo lolote ambalo hajaniambia. Yeye hukielewa vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza. Akasema hakuna, upesi kidogo kuliko nilivyopenda, macho yake kwenye viazi. Nikapunguza moto, nikavuta kiti, nikaketi karibu naye, nikachukua kisu cha pili. Tulimenya viazi viwili vitatu. Kisha akasema, “Mama,” kwa Kiswahili, na mimi sikuinua uso, nisije nikamtisha.