Aliyechanganya Dawa na Aliyeiacha

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, nimefunga duka mapema nikarudi nyumbani, nikamkuta mume wangu amekaa kwenye ngazi za nyumba yetu ya kupanga pale Nsambya. Alikuwa ameshika mapaja yake kwa mikono miwili, jasho linamtoka, ilhali hali ya hewa ilikuwa ya baridi.

“Mama Neema,” akaniambia, “miguu imekataa.”

Baba Neema alikuwa fundi wa nguo huko Nakivubo, nami niliuza vitenge karibu na cherehani yake. Tulitoka Bukavu tukiwa vijana, pamoja na mdogo wake Deo, tukaifanya Kampala kuwa kwetu. Baba yao alianguka ghafla akafa bado ana nguvu zake, kwa hiyo daktari aliwapima wote wawili, akawakuta na kolestro ya juu, yaani mafuta yamezidi kwenye damu. Akawaandikia dawa ya kuishusha, inaitwa simvastatini.

Daktari mwenyewe alikuwa mama mtu mzima kutoka kaskazini, Dakta Akello, mpole wa sauti. Nilikuwepo alipowaambia: “Dawa hii hutaisikia mwilini. Inafanya kazi kimya. Misuli ikiuma bila sababu, au mkojo ukibadilika rangi, njooni upesi. Na popote mtakapopewa dawa nyingine, semeni kwanza kwamba mnameza hii.”

Mume wangu alikuwa mtu wa utaratibu. Kila jioni, akishamaliza kula, alimeza kidonge chake. Alifanya hivyo muda mrefu hadi kikawa kama sehemu ya chakula, na nadhani hapo ndipo shida ilipojificha. Kifua kilipombana msimu ule wa mvua, alipita duka la dawa akitoka kazini. Yeye mwenyewe alinisimulia baadaye, kitandani hospitali.

“Yule dada wa dukani aliniuliza, ssebo, yaani bwana, kuna dawa nyingine unakunywa? Nikamwambia hapana. Sikumdanganya, Mama Neema. Haikunijia kichwani kwamba ile nayo ni dawa.”

Akapewa antibiotiki, dawa ya kuua vijidudu. Kikohozi kikapungua, tukafurahi. Kisha mapaja yakaanza kuuma, na mabega. Alidhani ni cherehani, maana kulikuwa na kazi nyingi za sare za shule na alikuwa anakanyaga kutwa nzima. Akanunua vidonge vya maumivu. Mkojo wake ukawa mweusi kama kahawa, naye akaficha, kwa sababu mwanaume wa rika lake hasemi mambo hayo mbele ya mke. Nilikuja kujua pale kwenye ngazi.

Nilipomfikisha hospitali, Dakta Akello alitueleza bila kuzungusha. Ile antibiotiki ilizuia mwili wake kuivunja dawa ya kolestro, basi ikajaa kwenye damu kupita kiasi. Misuli ikaanza kuharibika, na taka za misuli zikaenda kuziba figo. Vile vidonge vya maumivu vikazidi kuziumiza. “Kila moja ilikuwa dawa nzuri,” alisema. “Hazikutakiwa kukutana.”

Walimweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Nilimwosha miguu yake, imevimba hadi ngozi inang'aa, naye akawa ananiomba msamaha kwa kunichosha. Hakutoka hospitali akiwa hai, mwanangu. Nilikuwa bado sijafika umri wa kuitwa bibi, na tayari nilikuwa mjane.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Msiba haujaisha, Deo akanijia jikoni ameshika pakiti ya vidonge vyake. Alikuwa na mkahawa mdogo Kabalagala, mtu wa kelele na kicheko, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa kama jiwe.

“Shemeji, hii ndiyo imemuua kaka. Mimi siimezi tena.”

“Shemeji yangu, nenda kwanza kwa daktari umuulize,” nikamwambia.

“Nikamuulize nini? Yeye ndiye aliyeandika.”

Akavitupa vyote chooni. Nilimsihi tena baada ya mazishi, na tena siku ya kumaliza matanga. Alinijibu kwamba anajisikia vizuri kuliko zamani. Na ni kweli alijisikia vizuri, maana kolestro ikipanda haiumi. Akawa anawasimulia hata wateja wake jinsi alivyojiokoa.

Ikapita miezi mingi. Siku moja mchana, akiwa anampakulia mteja chakula, sahani ikamponyoka. Akataka kusema kitu, mdomo ukaenda upande. Nilipofika hospitali mkono wake wa kulia ulikuwa umelala kama wa mtu mwingine. Kilikuwa kiharusi. Yule mtu wa maneno mengi alibaki na machache, na hata hayo yalitoka yamevunjika.

Dakta Akello alivuta kiti akakaa mbele yake. Hakusema kwamba kuacha dawa peke yake ndiko kulikoleta kiharusi, kwa sababu hata presha ilikuwa juu na Deo hakuwa amerudi kupimwa. Lakini alisema hivi, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa ya upole:

“Deo, ungekuja kunikasirikia. Ungenitukana hata. Ningekupunguzia kipimo, au ningekupa nyingine. Zipo. Mbona uliniacha bila neno?”

Deo akalia, uso wake ukisogea upande mmoja tu. Mpaka leo ninamlisha kwa kijiko, na kila nikimfuta mdomo ananitazama kana kwamba anataka kuniomba kitu, halafu anaacha.

Sasa wewe mwanangu, umeniambia umeandikiwa dawa ya kolestro na unaiogopa. Usiiogope, na usiizoee. Hiyo ni dawa, hata ukiimeza miaka. Ukienda duka la dawa, kwa daktari wa meno, hata kwa yule anayekuuzia mizizi sokoni, itaje kwa jina kabla hajakupa chochote. Muulize daktari kuhusu juisi ya balungi, lile tunda kama chungwa kubwa lenye uchungu, kwa sababu baadhi ya dawa hizi hazipatani nayo. Ukisahau kidonge usimeze viwili kesho yake kufidia. Misuli ikiuma au ikiisha nguvu bila sababu, mkojo ukiwa mweusi, macho yakiwa ya njano, usione haya, nenda hospitali siku hiyohiyo. Nenda ukapimwe damu kila unapoitwa. Na binti anayemeza dawa hii, akitarajia kushika mimba, amwambie daktari mapema. Lakini usiiache mwenyewe kwa sababu ya hofu au kwa sababu unajisikia mzima. Kama una hasira, ipeleke kwa daktari pamoja na pakiti yako ya vidonge.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mdomo wa kuuliza na daktari wa kukusikiliza, na miguu yako ikupandishe ngazi za nyumbani kwako hadi uwe mzee kuliko mimi.