Kibali cha Mheshimiwa Castagnac

Isidore Poncet akikuchora, ndugu zako wangekutambua papo hapo, wacheke, halafu wakuonee huruma. Alikuwa mtoto wa fundi bati wa Belleville, mtaa wa Paris, akajifunza kuchora juu ya mawe ya kupigia chapa, na gazeti moja la vichekesho likamwajiri. Lakini miaka nenda rudi alichora walevi na kofia za wanawake tu. Sheria ya siku zile ilisema huwezi kumchora mtu aliye hai kwa kejeli mpaka mwenyewe akupe kibali kwa maandishi. Sheria gani hiyo, jamani? Umpigie mtu magoti ndipo umtukane!

Aliishi na shemeji yake Léonie, mjane wa kaka yake Firmin. Firmin alisimamishwa ukutani akapigwa risasi, mwaka ule jeshi lilipoingia Paris kuwavunja waasi. Aliyetoa amri alikuwa Castagnac, ofisa wakati huo, sasa mbunge mwenye kitambi na gari la farasi. Léonie hakulia hata siku ya mazishi. Alifulia watu nguo, na jioni akikaa alirudia neno lile lile: yule mtu ana haya au hana? Alitaka kujua hilo tu, na Isidore lilimkosesha raha.

Basi akamchora. Castagnac kavaa aproni ya mchinjaji, anajifuta mikono, nyuma yake ukuta mrefu. Mhariri Verdelet alipoiona alisema picha hiyo ingempa Isidore jina la kudumu, ila kibali asahau. Léonie akamwambia aende hivyo hivyo.

"Mtazame usoni akiiona, shemeji. Halafu uje uniambie."

Castagnac alimpokea mezani, anakula bata. Akaitazama karatasi, akacheka mpaka akapaliwa, akamwita mkewe naye aje acheke.

"Masikio ndiyo yangu kabisa, bwana mchoraji. Ila niongezee kisu, kirefu. Uchaguzi unakaribia, na watu wanapenda mwanamume."

Isidore akamuuliza kama anaukumbuka ule ukuta.

"Upi huo? Kuta zilikuwa nyingi."

Akatia sahihi kibali, akaagiza na nakala mbili za kutundika sebuleni. Isidore alitoka amekishika mkononi kile alichokitamani maisha yake yote.

Nyumbani Léonie alikuwa kasimama mlangoni.

"Alisemaje?"

"Alikataa," Isidore akasema. "Uso ulimshuka, shemeji. Hakuweza kuitazama mara mbili. Akanifukuza anatetemeka."

Léonie akaketi taratibu. "Kumbe haya anayo," akasema, na hapo ndipo machozi yakamtoka, miaka mitano baada ya mazishi.

Kibali kikaingia jikoni motoni. Kesho yake Isidore alimwambia Verdelet kwamba mheshimiwa amegoma, akamwaga mchanga na maji juu ya jiwe, akalisugua mpaka ukuta, aproni na masikio yakafutika. Verdelet alimwita mwoga mbele ya wenzake. Isidore akarudia kofia zake, na hizo ndizo alizochora mpaka macho yakamwishia.

Majira ya baridi yalipoingia, wakiwa mezani, Léonie alimwambia kwamba ameomba kanisani, moyo wake umetulia, na kwamba yeye amemsamehe yule mtu.

Isidore akamwomba chumvi.