Jina Nililolitaja kwa Wakili

Majina ninayo. Nikikaa barazani naweza kukutajia waliozaliwa mtaani kwetu Dunda, nani alimfuata nani, na nani kapewa jina la nani. Humu sitataja hata moja, maana wengine wapo na wengine wametangulia, na habari yenyewe ni ya jina. Liko moja tu ambalo sikuwa nimelitamka kwa kinywa changu tangu nilipoolewa, nalo ni la marehemu mume wangu. Ndivyo tulivyolelewa. Mume utamwita baba fulani, au bwana, au utakohoa tu ageuke. Jina lake unamwachia mama yake na wanaume wenziwe.

Mjukuu wangu wa kiume alipozaliwa akapewa jina la babu yake huyo. Ni heshima kubwa, ila ilitutia taabuni wanawake wa nyumba ile. Mimi silitaji, na mama yake, mkamwana wangu, ndiyo kabisa, jina la mkwe halipiti mdomoni. Basi mimi nikamwita mume wangu, utani wetu wa bibi na mjukuu, na mama yake akamtafutia jina la nyumbani. Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza alikwenda mama peke yake. Mwalimu akauliza mtoto anaitwa nani. Mkamwana akataja lile la nyumbani, na angetaja lipi? Kijana akasoma nalo mpaka chuo cha ufundi, vyeti vyote vikatoka nalo. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vikabaki na la babu yake. Mama yake, Mungu amrehemu, aliondoka bila kujua kwamba majina mawili yanaweza kuwa mzigo. Mtaani hayakuwa mzigo. Aliyemwita hivi na aliyemwita vile, wote aliwaitikia.

Kijana huyo sasa ni fundi wa kompyuta, na mwenye kampuni anayoifanyia kazi ni dada yake. Kampuni nayo ni chumba cha mbele cha nyumba yangu, chenye meza mbili na kompyuta za watu zimefunguliwa matumbo. Dada anaandika na kutafuta kazi, kaka anatengeneza. Shule, zahanati, maduka, mpaka Kerege huko, mashine ikigoma wanampigia yeye, naye anadandia bodaboda anakwenda.

Taasisi moja ya serikali ikatangaza zabuni ya kuhudumia kompyuta na mtandao katika ofisi zake za pwani yetu. Mjukuu wa kike akaomba. Akaambatanisha kitambulisho cha kaka yake na vyeti vyake, bila neno la kueleza. Nilipomuuliza baadaye akasema, "Bibi, sikuona tofauti. Niliviangalia vyote nikamwona yeye." Namsadiki. Hata mimi ningemwona yeye.

Jibu lilipokuja alinisomea kwenye simu, nami nimeketi kwenye mbuzi nakuna nazi. Kampuni ya Dar imependekezwa. Ya kwetu imekatwa kwenye hatua ya kukagua sifa za wataalamu, kwa kuwa vyeti vilivyowasilishwa ni vya mtu mwingine. Kukosa kazi tumezoea. Kilichotuumiza ni hayo maneno, mtu mwingine. Nchi hii inawajua watu waliopoteza kazi kwa vyeti visivyo vyao, na jinsi walivyotazamwa baada ya hapo.

Habari haikukaa ndani. Mwenye duka la jirani akamtupia fundi wetu mzaha mbele ya wateja: "Leo umekuja wewe, au kaja yule mwenye vyeti?" Wakacheka, naye akacheka nao. Kisha akarudi nyumbani akakaa, bisibisi hakuishika. Shule moja iliyokuwa imwite ikamwambia asubiri kwanza.

Dada yake akasema atapinga. Kaka hakutaka.

"Wacha, dada. Tukinyamaza watasahau."

"Watu watasahau. Karatasi haisahau. Kila utakapoomba kazi utaikuta imekutangulia."

Akatueleza alichokisoma. Nyaraka za zabuni zenyewe, walizozitoa wao, zinasema kamati ya tathmini ikiona utata itamwandikia mwombaji aeleze, kabla ya kumkata. Hawakuandika. Hakuwa akidai wapewe kazi, alidai waulizwe. Nikamwelewa pale pale, maana posa huku kwetu huenda hivyo. Ukisikia neno juu ya kijana aliyeposa, unatuma mtu mzima kwao akaulize. Humrudishii posa yake na sababu ya kubuni.

Akalalamika kwa mkuu wa taasisi, akajibiwa kuwa utaratibu ulifuatwa. Akakata rufaa kwenye mamlaka inayosikiliza kesi za zabuni. Wakili wa mjini kwetu akashauri kipatikane kiapo cha mzee wa familia, kwamba mwenye majina hayo mawili ni mtu mmoja. Mwanangu, baba yao, yuko Maskati. Nikabaki mimi.

Wakili alikuwa binti mdogo, mwenye adabu. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akaniapisha. Kisha akasema, "Bibi, taja jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho."

Nikamwambia ni la babu yake. Akauliza babu yake nani. Nikasema mume wangu. Akauliza mume wangu aliitwa nani, nikamwambia baba wa mwanangu. Mjukuu wa kike akafungua mdomo anisaidie, wakili akamzuia kwa mkono.

"Anayeapa ndiye anayetaja, dada."

Nikamwomba radhi marehemu kimoyomoyo. Kisha nikalitaja kama lilivyo kwenye kitambulisho, lake, la baba yake na la ukoo. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mwari.

Kutoka mlangoni, alikokuwa amesimama, mjukuu wangu wa kiume akaitika. "Naam, bibi."

Aliitika kabla hajafikiri. Tangu azaliwe sikuwahi kumwita kwa jina hilo. Wakili akainamia karatasi yake akaandika.

Siku ya rufaa nilikwenda nao Dar, nikakaa kiti cha nyuma. Mwanasheria wa taasisi akasimama akasema kiapo kile kimekuja baada ya zabuni kufungwa, hakistahili kupokelewa. Mwenyekiti, mwanamama mwenye miwani, akakubaliana naye. Kikawekwa kando. Nikajiona nimemvunjia marehemu heshima yake bure.

Kisha yule mama akamgeukia afisa wa taasisi. "Nyaraka zenu zinasema mkiwa na shaka mtauliza. Mliuliza?"

Afisa akaeleza kwamba waombaji walikuwa wengi, muda ulikuwa mfupi, na tofauti ya majina ilikuwa wazi.

"Sijauliza kama ilikuwa wazi. Nimeuliza kama mliuliza."

"Hatukuuliza."

Uamuzi ukatoka kwamba tathmini irudiwe, na mwombaji aulizwe. Safari hii waliuliza. Tukawapelekea kiapo kile kile.

Kazi hatukuipata. Ya Dar ilikuwa na bei ya chini, na huo ni ushindani, hatuna neno. Mjukuu wa kike alinisomea jibu la pili akiwa amechoka, na nilimwona anapima moyoni kama safari zote zile zilikuwa na maana. Kaka yake hakuuliza habari za bei. Akamwambia arudie pale penye wataalamu. Akarudia. Mtaalamu mkuu, yakatajwa majina yote mawili, ambaye ni mtu mmoja, amekidhi vigezo.

Akamwambia asome tena. Akasoma. Kisha akavuta kiti, akaivuta mashine ya zahanati iliyolala mezani muda wote ule, akaanza kuifungua.

Jioni nikamwita. "Mume wangu, chakula kinapoa."

"Bibi," akasema huku mikono ingali kwenye waya, "kwa wakili uliniita vizuri. Niite vile tena."

Nikamwambia lile nimewaachia serikali, kama analitaka akawaombe wao. Akacheka, akanawa mikono, akaja kula.