Kweyu Alivyopalilia kwa Mama Mideva

Ilikuwa mwaka wa 2018. Hapana, nimekosea, ni 2019, kwa sababu 2018 nilikuwa bado nalala kwa binamu yangu Eastleigh. Huyu Kweyu alizaliwa mtaa wa Pipeline, Nairobi, ghorofa ya sita, na kazi yake ni ya kiwanda cha ndoo za plastiki. Udongo aliujua kwa soli za viatu. Lakini mdomo! Alijiita mkulima kwa sababu ana sukumawiki tatu ndani ya mkebe.

Alipomtaka Mideva wa mtaa wa Tena, mama wa binti, aitwaye Nasike, hakumwuliza mshahara. Alimpa jembe. "Baba, nipalilie mahindi hapo nyuma ya nyumba. Ukimaliza tutaongea mambo ya posa."

Mimi, jirani yao, nilikaa kando ya ukuta nikinywa chai yao. Mideva alikuwa dirishani, anatazama.

Mtu wa shamba akipalilia hang'oi kila kitu. Managu huachwa, terere huachwa, hiyo ni mboga. Kishona nguo nacho huachwa kidogo pembeni. Ukijikata unaponda majani yake, damu inakauka. Kweyu alifagia vyote kama anayeosha sakafu. Akajikata kidole, akakimbia kununua plasta, na rundo la dawa liko miguuni pake! Mbali na mahindi, alibakiza kitu kimoja, tena akakimwagilia maji: lile gugu la maua meupe marefu na tunda la miiba, ambalo hata mbuzi hulikataa. Bibi zetu walichoma mbegu zake, moshi uingie mdomoni ufukuze mdudu wa jino. Lakini kulila, thubutu! Utaropoka siku tatu.

"Mathe, si nimepiga kazi safi?" akasema, kifua mbele. "Hilo ua nimekuachia upambe nyumba."

Mathe! Mama mkwe anaitwa hivyo?

Nasike aliangalia ile ardhi kati ya mahindi, tupu kama kipara. "Umetupa mboga yangu ya jioni, ukaniachia sumu. Mtoto wangu naye utamlisha maua? Nenda nyumbani, baba."

Akaenda. Sijaona mtu mwenye maneno mengi akiondoka na machache vile.

Sasa, Mideva alijua kuchuma managu kabla hajajua kusoma. Nilimwuliza siku hiyo, nikamwuliza tena Krismasi: "Binti yangu, ulimwona tangu alipong'oa mche wa kwanza. Mbona hukumwita hata mara moja kumwonya?"