Maksai Ambaye Pembe Zake Hazikugeuka

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, Kakuma, miaka ya sabini. Na mimi si mtu wa kutishwa na kivuli. Nilikulia Nawoitorong nikichunga mbuzi wa watu, nikajisomesha, nikavuka bahari, nikarudi na diploma ya sanaa ya chapa. Nani mwingine Lodwar nzima alikuwa nayo? Hakuna.

Kakuma ya wakati ule ilikuwa maduka machache na mto mkavu. Kila Jumamosi nilipanda lori kwenda kufundisha watu watano kuchonga picha kwenye mbao na kuzichapa kwenye karatasi, katika chumba nyuma ya kanisa. Ah, harufu ya wino ule! Nikiikumbuka, narudi kuwa kijana.

Somo la kwanza lilikuwa hili: unachochonga kushoto hutoka kulia. Karatasi hugeuza kila kitu.

"Basi mwalimu, nikijichonga mimi nitatoka mwembamba?" aliuliza Mama Akiru, muuza tumbaku, mwanamke wa kujaza mlango. Tukacheka.

Lokwang peke yake hakucheka. Kaka yake alikuwa amepotea miezi mingi upande wa Namoruputh, akifuata ng'ombe walioibwa, na mama yao alikataa kunyoa nywele kwa msiba, akisema hajaona dalili ya kifo. Kesho yake Lokwang angekwenda kumtafuta, peke yake, kwenye nchi ya bunduki. Tulimkanya, wapi!

Saa kumi akaingia kijana mgeni, shuka limejaa vumbi. "Ejok," akatusalimu kwa Kiturkana. Nikamwonyesha benchi, nikampa ubao na patasi, maana nilipenda darasa lijae. Akachonga maksai mwenye pembe moja iliyokunjwa mbele na nyingine chini, kama wachungaji wetu wanavyomkunja pembe maksai wa kujivunia.

"Hukusikia somo, ndugu yangu," nikamwambia. "Pembe zitatoka kinyume."

"Kwenu, mwalimu," akajibu taratibu.

Nikapaka wino, nikalaza karatasi, nikasugua kwa kijiko, nikaibandua. Niamini: ya kushoto ilikuwa kushoto, vilevile kama kwenye ubao, kana kwamba mtu ameichapa kutoka upande wa pili. Nikainamia ubao kuuchunguza. Nilipoinua kichwa, benchi lilikuwa tupu. Mlango ni mmoja, na Lokwang alikuwa amekaa kizingitini akinoa patasi. Hakuona mtu akitoka. Wala akiingia.

Akaitazama karatasi. "Huyu ni maksai wa kaka," akasema. "Nyumbani tunamwita kaka kwa jina la maksai huyu."

Nikauchapa ubao ule tena, mara tatu, kwa kiburi tu. Pembe ziligeuka kama za ubao wowote.

Lokwang alimpelekea mama yake ile karatasi ya kwanza. Mama aliitazama, akavua shanga, akaomba wembe. Lokwang hakwenda Namoruputh. Yu hai hadi leo, ana wajukuu.

Lakini mifupa ya kaka yake haijulikani iliko, na kosa ni langu. Kwetu mgeni huulizwa kwanza ametoka wapi, na mvua ameiacha wapi. Mimi nilikimbilia kumsahihisha. Nawe unayefundisha, nisikie: akiingia mtu mwenye vumbi la mbali, weka patasi chini. Mwulize ametoka wapi, na usimkatize mpaka amalize.