Bakuli la Maji ya Chumvi Dirishani

Mtoto wa samaki halii. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Kuku mwenye njaa utamsikia, mtoto wa mtu atasikika mpaka mtaa wa pili, lakini kifaranga wa samaki hunyamaza tu, akazama, na ukirudi kutoka kazini unakuta kinyuzi cheupe juu ya mchanga.

Wakati huo, enzi za Mwingereza, nilikuwa karani kijana na nimepanga chumba Temeke. Nyumba ilikuwa ya mama mmoja mjane wa ukoo wa Kiarabu, aliyekuwa na duka dogo pale pale barazani. Alikaa na mama yake mzazi, ambaye wapangaji wote tulimwita Bibi. Tangu hapo nimekaa Tanga, Mombasa, Kigoma na kwingine ambako sikumaliza hata mwaka, na sijui kwa nini ni nyumba ile ninayoiota, maana nilikaa mle roho juu.

Samaki niliwapata mnadani. Mzungu mmoja alikuwa akirudi kwao na vyombo vyake vikanadiwa. Mimi nilikwenda kutafuta kitanda. Nilirudi na mkokoteni uliobeba tangi la kioo, samaki wawili bapa wenye mistari myeusi ndani ya ndoo, na kopo dogo la mayai makavu ya vidudu fulani vya maji ya chumvi, ambavyo ni chakula cha watoto wa samaki.

"Na kitanda?" mama mwenye nyumba aliniuliza.

"Nitalala kwenye mkeka, mama."

"Loo! Mtu wa bara kaenda kununua kitanda, karudi na kitoweo."

Bibi naye alikuja kuwatazama. Akainama mpaka pua ikagusa kioo. "Wamekonda hawa," akasema. "Hapa mchuzi hautoki." Ikawa kila asubuhi anapita kuwatukana, na wasipojitokeza haraka nyuma ya majani anagonga kioo kwa pete yake.

Masika yalipokwisha, samaki wakataga juu ya jani pana, na mayai yakaanguliwa. Wiki hiyo hiyo Bibi akashikwa na homa. Hospitali walimpa dawa chungu, akaitapika. Uji akautapika. Hata maji alianza kuyakataa, akalala ameelekea ukutani, midomo imemkauka. Mwanawe alitoka chumbani na beseni mkononi akaniambia kwa sauti ya chini, "Akitapika tena, mwanangu, sidhani kama atainuka."

Akatuma ujumbe kwa mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani amwandikie kombe. Mimi kwetu Iringa sikuwahi kuliona, ndipo aliponieleza: mwalimu huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, na maji yale yenye rangi ya zafarani mgonjwa huyanywa.

Nami chumbani nilikuwa na wagonjwa wangu. Vifaranga walikuwa wamekwisha kuachana na jani, wanaogelea kama vumbi lenye macho, na wasipopata kitu hai cha kula wanakufa. Mayai ya lile kopo yalifanana na ugoro. Nilikuwa nimeyamwaga ndani ya chupa ya maji ya mvua yaliyokorogwa na chumvi ya mawe, nikaiacha kwenye joto. Jumamosi niliporudi kutoka kazini nikakuta yameanguliwa. Maganda yalielea juu, na chini yake lilikuwa wingu la vitu vidogo vyenye wekundu wa manjano, vinarukaruka.

Maganda humkaba kifaranga, kwa hiyo lazima uwatenge vidudu nayo. Nilivuta wale vidudu kwa mpira mwembamba nikawatia kwenye bakuli jeupe la bati, ambalo mama mwenye nyumba alikuwa ameniazima. Nikaliweka kwenye dirisha la uani, kwa sababu vidudu hao hufuata mwanga, na ukiwaachia kidogo hujikusanya upande mmoja. Kisha nikachukua ndoo kwenda bombani kutafuta maji baridi ya kuwasuuzia chumvi. Foleni ilikuwa ndefu. Nilisimama pale nikiwaza vifaranga tu, nikihesabu ndoo zilizokuwa mbele yangu kwa hasira.

Nilirudi nikalikuta bakuli limeoshwa, limefunikwa juu ya kichanja cha vyombo.

Mama mwenye nyumba alikuwa akitoka chumbani kwa Bibi, uso umemchangamka kidogo. "Kombe limeletwa," akasema. "Amekunywa lote."

"Nani kalileta?"

"Nimelikuta dirishani, wamelitia kwenye bakuli langu. Hawa watoto wa chuo siku hizi, hata hodi hawapigi."

Kutoka ndani sauti ya Bibi ikasikika, nyembamba lakini yenye ugomvi: "Huyo mwalimu kaoshea sahani baharini? Chumvi tupu!"

Nilikwenda chumbani nikachukua lile kopo nikalipeleka kwenye mwanga. Karatasi yake ilikuwa na picha na maelezo ya Kiingereza, na chini kabisa palikuwa na neno la tahadhari kwa herufi kubwa, likifuatiwa na "Do not", yaani "Usi..." Basi. Sehemu iliyobaki kutu ilikuwa imeila. Usiache wazi? Usiweke juani? Usinywe? Nililigeuza kopo huku na huku kama kwamba maneno yangeweza kuhamia upande wa pili.

Nikinyamaza, na ikiwa mle mna sumu, hata daktari hatajua aanzie wapi. Nikisema, Bibi atasikia kinyaa, atatapika, na kutapika ndiko tulikokuwa tukikuogopa. Tena ni mimi, Mkristo wa bara, niliyeacha vidudu mahali paliposubiriwa aya. Nilisimama mlangoni mpaka mama mwenye nyumba akaniona.

"Una nini wewe? Mbona umekuwa kama umemwona shetani?"

"Mama, lile halikuwa kombe."

"Halikuwa kombe lilikuwa nini?"

"Chakula cha samaki."

"Chakula cha samaki chenye rangi ya zafarani?"

"Ni vidudu, mama. Vilikuwa hai."

Akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, akatazama mlango wa chumba cha mama yake. Niliwahi kumsikia akiwafokea wateja wa duka mpaka barabara inasimama. Safari hii hakupandisha sauti. "Watamfanya nini?" akaniuliza. "Nambie. Wewe umesoma. Watamfanya nini?"

"Sijui, mama."

"Mnanong'ona nini huko?" Bibi aliita. "Mie sijafa bado. Nileteeni hivyo vidudu nivione."

Ndani ya chupa walikuwa wamebaki wachache. Nikaingia nayo, nikamwamkia shikamoo, nikaishika mbele ya macho yake. Aliitazama kwa muda, lakini sidhani kama aliona kitu.

"Wanatoka maji gani?"

"Ya chumvi, Bibi."

"Wakikua wanafanana na nini?"

Nilitazama picha kwenye kopo. "Kama kamba wa baharini, Bibi. Lakini mdogo sana, mdogo kuliko punje ya mchele."

Bibi akafumba macho. Nilidhani sasa anatapika, nikasogeza beseni kwa mguu.

"Si uduvi huo!" akasema. "Mtu mzima na suruali yako, unatetemekea uduvi? Nimekula uduvi kabla sijaota meno. Kosa lako wewe hukuukaanga."

Mwanawe akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi sikuweza kucheka. Uduvi wa Bibi ulitoka sokoni, na huu ulitoka kwenye kopo lenye tahadhari isiyosomeka. Tukakaa, mmoja kila upande wa kitanda, na beseni katikati. Kila Bibi alipokohoa, sote wawili tuliinuka.

Chumvi ikamtia kiu. Akaomba maji. Mwanawe akampa kijiko kimoja, akasubiri, akampa cha pili. Akaomba kikombe. Yeye ambaye tangu juzi alikuwa akisukuma kila kinachosogezwa mdomoni, sasa alinyoosha mkono na kututukana kwa uchoyo wetu. Karibu na magharibi kombe lenyewe likaletwa, limetiwa chupani, na aliyelileta alipiga hodi. Bibi akalinywa kwa bismillahi, taratibu, akarudisha kichwa kwenye mto. Hakutapika. Lakini homa ilikuwa pale pale, na mimi nilikuwa na lile "Usi" kichwani.

Niliwachungulia vifaranga kwa taa ya chemli. Walikuwa wamepungua. Nikamwaga ugoro mwingine kwenye maji ya chumvi, nikijua hautaanguliwa mpaka kesho jioni.

Asubuhi mama mwenye nyumba alisimama mlangoni pangu.

"Amekula," akasema.

"Amekula nini?"

"Uji. Nusu bakuli. Anauliza na wale wako waliokonda wamekula?"

Nikamwambia bado. Akaenda dukani, akarudi na yai la kuku, akanipa. Nilikuwa nimesikia kwamba kiini kilichochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa huweza kuwasogeza siku. Nilikikamua ndani ya tangi, maji yakachafuka, na wachache wakaja juu wakaanza kudonoa. Niliwatazama wakila, lakini masikio yangu yalikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa Bibi, nikisikiliza kama beseni litaitishwa.